Jazi Pangoni: Cab Calloway, Louis Armstrong na katuni za ndugu Fleischer

Picha za filamu za zamani zaidi zinazojulikana za mwimbaji wa jazi Cab Calloway akiongoza bendi yake hazikupigwa kwa ajili ya filamu ya muziki wala taarifa ya habari. Zimo mwanzoni mwa katuni. Katuni hiyo inaitwa Minnie the Moocher, nayo ilitoka mapema mwaka 1932 katika studio ya ndugu Max na Dave Fleischer mjini New York. Kabla mchoro wowote haujajongea, tunamwona kijana wa miaka 24 akiyumba mbele ya wapiga tarumbeta na saksafoni wake, mabega yakienda huku na miguu ikienda kule, kana kwamba sakafu imepakwa mafuta. Kisha picha inafifia na michoro inaanza. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi mno, kiasi kwamba watu wa nyumbani wakisikia tu tarumbeta zikianza huambiana kwamba nimekwisha ingia tena kwa mizimu yangu.

Kwanza niseme neno juu ya jina. Kwetu mtu akisikia neno “Jazz” humkumbuka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Tabora Jazz, au Western Jazz, bendi za dansi zilizolichukua jina hilo huku magitaa yao yakifuata zaidi rumba ya Kuba na Kongo. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile ya Wamarekani weusi wa miaka ya 1920 na 1930, muziki wa kumbi za Chicago na za Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, ambao Wamarekani wengi weupe waliupenda kwa siri, waliuogopa hadharani, na waliulipia kiingilio usiku.

Kisa cha Minnie the Moocher ni chepesi. Betty Boop, msichana nyota wa katuni za Fleischer, yuko mezani na wazazi wake, hataki kula, na baba yake anamfokea kwa lafudhi ya wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya. Baba anafoka kwa muda mrefu hata kichwa chake kinageuka gramafoni. Betty analia, anaandika barua ya kuaga, anamchukua rafiki yake Bimbo, ambaye ni mbwa, na wote wawili wanatoroka. Usiku unaingia, wanaogopa, wanajificha pangoni. Humo ndani anatokea mzimu wa walrasi, yule mnyama mnene wa bahari za barafu mwenye pembe mbili ndefu mdomoni, naye anaimba kwa sauti ya Cab Calloway. Nyuma yake mifupa ya wafu inakunywa pombe kwenye kaunta. Mizimu ya wafungwa inakalia viti vya umeme. Paka aliyekonda ananyonywa na watoto wake mpaka anabaki ngozi tupu. Wimbo wenyewe unamhusu mwanamke aliyeponzwa na wanaume na dawa za kulevya, na maneno yake yamejaa lugha ya mitaani ambayo mtu mzima wa Harlem angeielewa na mtoto wa shule asingeielewa. Wakati huo katuni hazikuwa za watoto peke yao. Zilionyeshwa kabla ya filamu kubwa, mbele ya watazamaji wa kila umri.

Mzimu ule wa walrasi hauchezi kama katuni nyingine za wakati ule, ambazo huruka juu na chini kama mpira. Unateleza. Unarudi nyuma huku miguu ikionekana kwenda mbele, mikono inaninginia kwa uzito wa kweli, na mwili wote unafuata nyonga kwa kuchelewa kidogo. Ukirudi kumtazama kijana wa mwanzo utagundua kwamba mwendo ni ule ule, hatua kwa hatua. Miaka mingi baadaye, vijana wa dunia nzima walipokuwa wakihangaika kujifunza kuteleza kinyumenyume, Calloway alisema kwamba yeye na wenzake walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1930.

Siri iko katika mtambo. Max Fleischer alipata hataza ya rotoskopu mwaka 1917, na kanuni yake haina ugumu: unampiga mtu picha za filamu, unaitupa kila picha moja moja chini ya kioo kama cha meza, kisha mchoraji anaweka karatasi juu ya kioo na kufuatisha mistari ya mwili. Mtu wa kwanza kuchorwa hivyo alikuwa Dave mwenyewe, aliyevaa nguo za chale na kurukaruka mbele ya kamera ya kaka yake, na kutokana naye akazaliwa Koko, chale wa katuni zao. Kwa Calloway walifanya jambo la ajabu zaidi. Walichukua miguu, nyonga na mabega yake, wakavivika umbo la mnyama aliyekufa. Uso ukaondoka, rangi ya ngozi ikaondoka, jina likabaki kwenye bango la mwanzo tu. Lakini mwendo ulibaki wote, na mwendo ndio uliokuwa mali ya mtu huyo hasa.

Muziki na mchoro vilifungamana kwa hesabu, na hesabu hiyo inapendeza. Filamu yenye sauti hupitisha picha 24 kwa sekunde. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hupiga mara mbili kila sekunde, kwa hiyo kila pigo lina picha 12. Mchoraji aliyepewa hesabu hiyo anajua kwamba goti likianza kukunjwa katika picha ya kwanza lazima linyooke kufikia ya 12, la sivyo mtazamaji atahisi kwamba kuna kitu kimekwenda kombo hata kama hawezi kukitaja. Ndugu Fleischer walikuwa wamezoea kazi hiyo. Tangu mwaka 1924 walikuwa wakitoa katuni za kuimba pamoja na watazamaji, zenye kile kimpira kinachodunda juu ya maneno ya wimbo, na baadhi yake zilikuwa na sauti kwa mtambo wa mvumbuzi Lee de Forest kabla Disney hajaonyesha katuni yake ya sauti, Steamboat Willie, mnamo Novemba 1928. Ndiyo maana katika katuni zao hata vitu visivyo na uhai vinatikisika kwa mdundo: kiti, taa, nyumba, mwezi. Wapo wanaoona mtikisiko huo kuwa dalili ya ufundi mdogo ukilinganishwa na ulaini wa Disney. Mimi naona kinyume. Katika filamu ya jazi, nyumba isiyotikisika ndiyo yenye kasoro.

Calloway alizaliwa Rochester mwaka 1907, akakulia Baltimore, na kufikia mwaka 1931 bendi yake ilikuwa imechukua nafasi ya Duke Ellington katika Cotton Club ya Harlem. Ukumbi huo ulikuwa na utaratibu wa ajabu: jukwaani watu weusi, mezani watu weupe. Mkazi mweusi wa mtaa huo huo aliupita mlango wake kila siku bila ruhusa ya kuketi ndani. Matangazo ya redio kutoka ukumbini yalimfanya Calloway ajulikane nchi nzima, na wimbo wa Minnie, aliourekodi mwaka 1931, ukawa ndio utambulisho wake, hasa kwa sababu ya kile kiitikio kisicho na maneno ambacho kiongozi hukitupa na bendi pamoja na watu wote hukirudisha, kila mara kirefu na kigumu zaidi, mpaka waitikiaji wanashindwa na kucheka. Mtu aliyewahi kusimama katika ngoma yoyote yenye mghani na waitikiaji hahitaji kuelezwa utamu wake.

Kulikuwa pia na hesabu ya fedha. Katuni za Fleischer zilisambazwa na kampuni ya filamu ya Paramount, na Paramount ilikuwa na majumba ya sinema ambamo bendi zilipiga muziki jukwaani kati ya filamu na filamu. Katuni ikitangulia mjini, wenyeji walikwisha kuusikia wimbo na kuuona mwendo kabla bendi haijashuka garini. Kwa hiyo studio ilipata mwanamuziki maarufu kwa malipo madogo, na mwanamuziki alipata tangazo ambalo asingeweza kulinunua mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilipozitazama katuni hizi mfululizo, niligundua kwamba jazi ya watu weusi ndani yake iko karibu kila mara mahali pamoja: chini ya ardhi. Katika Minnie the Moocher iko pangoni. Katika Snow-White ya mwaka 1933, ambamo Calloway anaimba St. James Infirmary Blues, iko pangoni tena. Katika The Old Man of the Mountain ya mwaka huo huo, Betty anapanda mlima lakini anayemkuta huko ni mzee mwenye kutisha anayeishi pangoni, na mzee huyo anacheza kwa mwili wa Calloway. Katika I Heard, pia ya 1933, bendi ya Don Redman inapiga muziki wa mgodi wa makaa ya mawe, na huko chini kabisa mizimu inacheza besiboli kwa kutumia bomu badala ya mpira. Mtoto aliyelelewa pwani yetu hahitaji kuambiwa maana ya pango wakati wa magharibi. Ni mahali pa wenyewe, huendi kucheza huko, na ukisikia ngoma inalia humo ndani unarudi nyumbani mbio.

Nadhani wachoraji wale walikuwa wakichora safari yao wenyewe. Max alizaliwa Kraków mwaka 1883 katika familia ya Kiyahudi iliyohamia New York akiwa mtoto mdogo, na studio yao ilikuwa 1600 Broadway, katikati ya jiji. Harlem ilikuwa kaskazini, mwendo mfupi kwa treni, na mtu wa katikati ya jiji alikwenda huko usiku, pombe ikiwa bado imepigwa marufuku, kutafuta muziki na kinywaji ambavyo mama yake asingependa kuvisikia vikitajwa. Betty anayekimbia chakula cha wazazi wahamiaji na kuangukia pangoni kwa Calloway anaifuata njia hiyo hiyo. Pango hilo linatisha, lakini ndiko kwenye uhai wote wa filamu. Nyumbani kwa Betty hakuna muziki, kuna gramafoni ya baba inayofoka.

Snow-White naiweka juu ya zote, nami si peke yangu, kwani mwaka 1994 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mchoraji Roland Crandall aliichora karibu yote peke yake kwa muda wa miezi sita, na upweke huo wa mkono mmoja unaonekana: hakuna nafasi iliyoachwa wazi, kila pembe ya pango ina mifupa, karata na madudu. Koko anapigwa na nguvu za kioo cha malkia, anageuka mzimu mweupe mwenye miguu mirefu, na anaanza kuteleza kwa miguu ya Calloway huku akiomboleza kifo cha mpenzi. Wimbo unapotaja sarafu ya dhahabu kwenye mkufu wa saa, mwili wake unakuwa mkufu na sarafu. Unapotaja pombe, anakuwa chupa na kujimiminia mwenyewe. Sijaona filamu nyingine inayolitii neno la wimbo kwa utii wa namna hiyo na wakati huo huo kulifanyia mzaha. Kwamba huu ni wimbo wa msiba, na kwamba Betty amelala ndani ya jeneza la barafu linalobebwa nyuma ya mwimbaji, ni jambo ambalo mtazamaji analikumbuka baadaye, akili inapotulia.

Ningependa kuishia hapo kwa furaha, lakini ipo katuni ya mpiga tarumbeta na mwimbaji Louis Armstrong.

Inaitwa I'll Be Glad When You're Dead You Rascal You, ya mwaka 1932. Nayo huanza na Armstrong na bendi yake wakiwa watu halisi, wakipiga vizuri sana. Kisha tunahamia “Afrika”. Betty, Bimbo na Koko wako porini, wanavamiwa na watu wala watu, Betty anatekwa, chungu kinawekwa motoni. Bimbo na Koko wanakimbia, na kichwa cha mmoja wa wenyeji kinaachana na mwili wake na kuwafukuza angani kikiimba. Kisha kichwa hicho cha kuchorwa, chenye midomo mikubwa na macho ya kutokeza, kinayeyuka taratibu na mahali pake panakuja kichwa halisi cha Armstrong, kikiendelea na ubeti ule ule. Halafu kinarudi kuwa mchoro. Mpiga dramu wake, Tubby Hall, anafanyiwa vivyo hivyo: mla watu anayekoroga chungu anageuka kuwa yeye.

Kwa Calloway, uso ulifichwa na mwendo ukabaki. Kwa Armstrong, uso ulionyeshwa kwa makusudi ili mtazamaji aufananishe na ule mchoro. Kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine ni lugha ya sinema yenye maana moja tu, nayo ni kwamba hiki na kile ni kitu kimoja. Nimejaribu kuitazama katuni hiyo kama kazi ya wakati wake, na kwa dakika nzima huwa nafaulu, kwa sababu sauti ya mtu yule haikubali kudharauliwa na kwa sababu uchoraji ni hodari. Lakini mimi ni mtu wa bara lililochorwa pale, na chungu kile kilitengenezwa ili watu wanicheke. Mwaka 1960 Armstrong aliizuru Afrika, akafika Kongo na Kenya miongoni mwa nchi nyingine, na mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo) watu walimbeba juu ya mabega yao akiwa ameketi kitini. Kila nikiona kichwa kile kikiruka angani huiweka kando yake picha hiyo ya kiti.

Hata jina la Betty lina mkia unaoishia katika jazi. Mwaka 1932 mwimbaji mweupe Helen Kane aliwashtaki Max Fleischer na Paramount akidai dola 250,000, kwa hoja kwamba sauti ya kitoto ya Betty na vile vijisauti visivyo na maana vya “boop-oop-a-doop” vilikuwa vyake. Kesi iliposikilizwa mwaka 1934, meneja mmoja wa wasanii, Lou Bolton, alitoa ushahidi kwamba msichana mweusi aliyejulikana jukwaani kama Baby Esther alikuwa akiimba kwa vijisauti vya aina hiyo katika klabu ya New York, na kwamba Kane alimsikia huko mwaka 1928. Kane alishindwa. Baby Esther hakuwa mdai wala mdaiwa. Alitumika kama ushahidi, kesi ikaisha, na katuni zikaendelea kuuzwa.

Mwaka huo huo wa 1934 kanuni za maadili za sinema zilianza kusimamiwa kwa ukali, gauni la Betty likarefushwa, na mapango yakafungwa. Mwaka 1935 Disney alitoa Music Land, ambamo binti mfalme wa Nchi ya Simfoni, ambaye ni fidla, anampenda mwana wa mfalme wa Kisiwa cha Jazi, ambaye ni saksafoni. Ni filamu nzuri, ala zinazungumza kwa milio yao wenyewe bila neno hata moja. Lakini mfalme wa kisiwa hicho amechorwa akimfanana Paul Whiteman, kiongozi mweupe wa orkesta aliyeitwa “Mfalme wa Jazi”. Watu weusi hawakutukanwa humo, kwa maana hawamo kabisa.

Huko Hollywood, katuni za Warner ziliwarudisha, tena kwa namna ile ya zamani. Clean Pastures ya mwaka 1937 inaonyesha mbingu ya watu weusi iliyokosa wateja mpaka malaika waliochorwa kwa sura za Fats Waller, Calloway na Armstrong washuke Harlem na kuwavuta watu kwa mdundo. Coal Black and de Sebben Dwarfs ya mwaka 1943, kazi ya Bob Clampett, ilitumia waigizaji weusi kwa sauti zake kuu, akiwamo Vivian Dandridge na mama yake Ruby, na kwa kasi ya mdundo sijui katuni ya wakati ule inayoipita. Nyuso zake, hata hivyo, ni zile zile za midomo na macho, na NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kiliomba iondolewe. Mwaka 1968 katuni 11 za Warner, hizi mbili zikiwamo, ziliondolewa katika zile zilizokuwa zikionyeshwa kwenye televisheni. Wanaotaka zibaki kabatini nawaelewa. Mimi ningependa zionyeshwe, mbele ya watu wazima na kwa maelezo, kwa sababu ndani ya kabati hilo zimo pia sauti na miondoko ya wasanii ambao kamera za kawaida hazikujishughulisha nao.

Inasimuliwa kwamba Calloway alipoonyeshwa Minnie the Moocher kwa mara ya kwanza na kujiona kuwa walrasi, alicheka mpaka akaanguka sakafuni. Huenda ni kweli. Mwishoni mwa katuni hiyo Betty anakimbia hadi nyumbani, mizimu ikiwa nyuma yake, na kujifunika blanketi gubigubi. Barua aliyokuwa ameiandika inachanika yenyewe, na kipande kinachobaki kinasomeka “Home Sweet Home”. Kila nikifika hapo huirudisha nyuma hadi pangoni.